Friji mpya, umeme wa mashaka: Juba inunue nini?

Na Mwandishi Wetu, Juba

RAKSHA imerudi kinyumenyume hadi mlangoni mwa kibanda cha fundi, pembeni mwa soko la Konyokonyo. Mgongoni imebeba friji iliyofungwa kwa kamba za mpira. Ukingo wa mlango wake bado una nailoni ya dukani.

Mwenye nayo ni mama anayeuza maji baridi na soda nyumbani kwake, mtaa wa Gudele. Ameitumia wiki sita. Fundi hakumwuliza ni friji ya kampuni gani. Alimwuliza ilikuwa inakula umeme wa wapi.

Mama akaeleza: umeme wa mita ukiwapo, ukikatika anavuta waya kutoka jenereta ya jirani, na kuna siku kadhaa aliiunganisha kwenye inveta ya sola ya shemeji yake. Fundi akachomeka plagi. Friji ikaguna, ikapiga tak, ikanyamaza. Baada ya dakika mbili ikaguna tena, tak, kimya. Hakuhitaji kushika bisibisi. Kompresa ilikuwa imeungua.

Kompresa nyingine, gesi na ujira vilikaribia nusu ya pesa aliyotoa dukani. Mama aliiacha friji pale, akaondoka bila kuamua. Biashara yake ya maji baridi ilikuwa imesimama tangu Jumatatu.

Nilikaa kibandani asubuhi nzima. Kulikuwa na feni zilizoungua koili, pasi, televisheni bapa yenye mstari mweusi katikati, friza mbili. Nilitarajia kukuta vitu vilivyochakaa. Vingi havikuwa vimemaliza mwaka.

Umeme wa aina tatu katika nyumba moja

Sudan Kusini ilipopata uhuru Julai 9, 2011, mji mkuu wake haukuwa na umeme wa kutegemewa. Kituo cha zamani cha dizeli kilikuwa kikiwaka na kuzima, na kwa miaka mingi sauti ya jioni ya Juba ilikuwa muungurumo wa jenereta, kila ua na yake.

Novemba 2019 kilizinduliwa kituo cha megawati 33 kinachotumia mafuta, kilichojengwa na kampuni ya Ezra. Nguzo na nyaya za kusambazia umeme mjini ziligharamiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kampuni ya usambazaji, JEDCO, ikaanza kufunga mita za kulipia kabla. Mwaka 2025 Ezra ikaongeza mtambo wa jua wa megawati 20 wenye betri, nje kidogo ya mji.

Hiyo ni hatua kubwa kwa mji uliotoka gizani. Lakini ukiitazama nchi nzima, takwimu za Benki ya Dunia zinaonyesha kuwa chini ya mtu mmoja kati ya kumi ana umeme. Hapa Juba kwenyewe kuna mtaa wenye nguzo langoni, na mtaa wa pili yake bado unasikiliza jenereta.

Ndiyo maana nyumba moja inaweza kula umeme wa mita, wa jenereta na wa sola ndani ya wiki moja. Friji iliyoundwa kwa ajili ya umeme uliotulia inahamishwahamishwa kama mgeni asiye na kitanda.

Juu ya hayo kuna joto. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 zikafungwa tena kwa wiki mbili, baada ya wanafunzi kuzimia hapa Juba. Katika joto la namna hiyo friji haiwi pambo la sebule. Humo mna maziwa ya mtoto, insulini ya babu mwenye kisukari, samaki wa Nile ambaye mchuuzi hakumaliza kuuza jana.

> Fundi hakuuliza ni friji ya kampuni gani. Aliuliza ilikuwa inakula umeme wa wapi.

Stika ya nyuma inasema kila kitu

Ukimwuliza mtu wa Juba anunue friji gani, atakutajia jina: Kikorea, Kijerumani, Kituruki, Kichina. Mafundi nilioongea nao walianza mahali pengine kabisa. Wanaigeuza friji na kusoma stika ya nyuma.

Kitu cha kwanza ni volti na Hz. Umeme wetu, kama wa Uganda na Kenya, ni wa volti 230 hadi 240 na Hz 50, yaani mkondo unaokamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine ya Marekani ni ya volti 120 na Hz 60. Wapo ndugu waliorudi kutoka ughaibuni na kontena zima la vyombo vya nyumbani, wakachomeka blenda ukutani, ikatoa moshi kabla ya embe kusagika.

Transfoma inaweza kushusha volti. Hz haizigusi. Mota ya friji iliyotengenezwa kwa Hz 60 ikipewa 50 huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, huvuta umeme zaidi na kuchemka. Itafanya kazi mwezi, pengine miezi mitatu, na mwenye nayo ataamini imepona.

Hapa wengi hunaswa na neno moja la sokoni, kwamba mzigo umetoka Uarabuni. Uarabuni ni pakubwa. Falme za Kiarabu, pamoja na Dubai yenyewe, hutumia Hz 50 kama sisi. Saudi Arabia hutumia Hz 60. Kinachoamua ni stika, siyo bandari.

Kitu cha pili ni herufi ambayo karibu hakuna mnunuzi anayeitazama. Friji hupangwa kwa madaraja ya hali ya hewa. N ni friji iliyopimwa kufanya kazi chumba kikiwa na joto la nyuzi 16 hadi 32. ST inafika 38. T inafika 43. Friji yenye herufi N pekee haijatengenezwa kwa jiko la mabati la mtaa wa Munuki mwezi Machi. Itawaka usiku na mchana bila kupumzika, itakula umeme, na chakula kitaharibika huku taa yake ya ndani ikiwaka vizuri tu.

Somo hili nililipia kwa pesa yangu. Miaka miwili iliyopita nilinunua friji ya milango miwili kwa sababu ilikuwa nzuri kwa macho na mwenye duka alikuwa mchangamfu. Msimu wa mvua haikuwa na kasoro. Joto lilipoanza, nyama ikawa inalainika kwenye sehemu ya barafu. Niliita mafundi wawili, nikajaza gesi ambayo haikuwa imepungua. Wa tatu ndiye aliyeigeuza na kunionyesha herufi N. Wale wawili wa kwanza hawakunidanganya kwa makusudi, naamini hivyo, lakini hakuna aliyesoma.

Mengine kwenye stika ni mepesi. Wati hukuambia mzigo utakaoubebesha umeme wako. Birika la umeme la wati 2,000 likichemsha maji kwa dakika tano limekula umeme ambao ungezungusha feni ya wati 50 kwa saa tatu na dakika ishirini. Kwa anayenunua umeme wa mita kidogokidogo, hesabu hiyo ina maana kuliko rangi ya birika.

Dakika chache zinazookoa kompresa

Kwa nini friji nyingi za Juba hufa kwa kompresa? Mafundi wanaeleza hivi. Kompresa ikizima, gesi ndani ya mabomba inakuwa na msukumo mkubwa upande mmoja. Inahitaji dakika kama tatu hadi tano isawazike. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, mota inajaribu kuanza huku ikiwa imebanwa. Inashindwa kuzunguka, inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida, inachemka. Ile tak ni kinga ndogo inayokata umeme ili koili isiungue. Kinga hiyo nayo huchoka.

Umeme mdogo hufanya kosa lilelile polepole. Watu wanaogopa umeme mkubwa kwa sababu unaunguza televisheni kwa kishindo. Umeme mdogo hauna kishindo. Balbu zinafifia kidogo jioni, feni inapunguza mwendo, na kompresa inaungua kimyakimya.

Dawa yake ni kile kifaa kidogo cha kuchomeka kati ya plagi na soketi, ambacho wengi Afrika Mashariki wanakiita fridge guard. Umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi, kinakata. Ukirudi, kinasubiri dakika chache ndipo kiruhusu. Ni kipande cha gharama ndogo mno ukilinganisha na friji. Yule mama wa Gudele hakuwa nacho, wala dukani hakuna aliyemwambia kuwa kipo.

Stebilaiza ni kitu kingine. Hiyo inanyanyua umeme mdogo na kushusha mkubwa, na inafaa nyumba ambayo umeme wake uko chini kila jioni. Lakini stebilaiza ndogo kuliko mzigo wake huungua pamoja na friji.

Jenereta ndogo na inveta za bei nafuu zina ugonjwa wao. Jenereta ikizidiwa, mwendo wake unayumba, na volti zinayumba nayo. Inveta nyingi za bei ya chini hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini. Balbu na chaja ya simu havijali. Mota ya friji inajali: inaguna, inapata moto, inafupisha umri wake. Anayetaka kuendesha friji kwa sola aulize inveta ya mawimbi laini, au anunue friji inayokula umeme wa betri moja kwa moja, ya volti 12 au 24, asihitaji inveta kabisa.

> Umeme mdogo hauna kishindo. Kompresa inaungua kimyakimya.

Wauzaji nao wana lao

Ni rahisi kumlaumu mwenye duka, na wengi wanamlaumu. Nilipita maduka ya Konyokonyo na soko la Custom kusikia upande wao.

Wanasema mzigo unashuka Mombasa, unavuka Kenya na Uganda, unaingia kwa mpaka wa Nimule, kisha kilomita 192 za lami hadi Juba. Safari nzima inazidi kilomita 1,500, na njiani kuna ushuru na tozo zisizokuwa na mwisho. Wananunua kwa dola na mteja anashika pauni. Desemba 2015, pauni ilipoachiwa ielee, dola moja iliruka kutoka kama pauni 3 hadi zaidi ya 18 kwa siku moja. Leo hesabu ni ya maelfu. Mfanyabiashara anayeleta friji nzuri na ghali anaweza kukaa nayo miezi minane huku jirani yake akimaliza mzigo wa bei poa kwa wiki mbili.

Wanasema pia kwamba mteja haulizi Hz. Anauliza bei, halafu anauliza kama itapungua.

Kuhusu dhamana, maduka mengi hukuwashia kifaa mbele yako, kikiwaka umekubali. Wachache huandika wiki moja au mwezi kwenye risiti. Friji ikiungua, duka linasema ni umeme, mnunuzi anasema ni friji mbovu. Hakuna aliyepima, kwa hiyo hakuna anayeshindwa wala kushinda, na hasara inabaki kwa mwenye friji.

Katika ugomvi huo nasimama na mnunuzi. Muuzaji anajua stika inasema nini, au ana wajibu wa kujua. Anayemwuzia mtu wa Juba friji ya daraja N bila kumweleza amemwuzia kitu cha nchi nyingine. Hoja ya kwamba mteja hakuuliza haitoshi, kwa sababu mteja hakufundishwa cha kuuliza.

Mtumba wa zamani au mpya wa bei poa?

Wazee wengi hapa wanaapa kwa mtumba. Wanasema friji ya zamani ya Ulaya, nzito kama sanduku la chuma, itakuzika wewe. Mafundi wanawaunga mkono nusu. Mota za zamani nyingi zilisukwa kwa waya wa shaba, na mashine kadhaa mpya za bei ya chini husukwa kwa alumini, ambayo ikiungua haivutii kuisuka upya.

Nusu ya pili ni hii: raba ya mlango imekauka, baridi inavuja, kompresa haipumziki, na umeme inaokula kwa mwezi unamaliza faida yote ya bei. Ghana ilishachoka na mzigo huo. Sheria yake ya kuzuia friji kuukuu ilipitishwa 2008 na ikaanza kutekelezwa 2013, ili nchi isigeuke jalala la vyombo vilivyochoka kwingine.

Ushauri niliotoka nao kibandani ni huu. Pasi na feni ya mtumba, nunua ukiiona inazunguka. Friji ya mtumba, usinunue barabarani. Nunua kwa mfanyakazi wa shirika anayefunga nyumba na kurudi kwao, ukiikuta imewaka jikoni kwake, barafu imeganda, na unajua imekula umeme wa aina gani. Watu wa namna hiyo wanahama Juba kila mwezi.

Kwa nyumba isiyo na mita, inayowasha jenereta kwa saa nne au tano kila jioni, friji ya kusimama ni matumizi mabaya ya pesa. Ukifungua mlango wake, baridi yote inamwagika miguuni. Friza yenye mfuniko wa juu inashika baridi kwa sababu hewa baridi ni nzito na inabaki chini. Jaza chupa za maji, zigande usiku, na mchana friza inakaa kama sanduku la barafu. Wauza samaki wamelijua hilo bila kusoma stika yoyote.

Na kiyoyozi? Kwa mshahara wa kawaida na umeme wa sasa, nunua feni nzuri mbili. Sina la kuongeza hapo.

Mlango uko Nimule

Mnunuzi mmoja akielimika ameokoa nyumba moja. Lakini mzigo mwingi unapita mahali pamoja, mpakani Nimule.

Sudan Kusini ina Shirika la Taifa la Viwango. Mwaka 2023 shirika hilo lilizuia malori ya mahindi na unga kutoka Uganda pale mpakani kwa sababu ya sumukuvu. Wafanyabiashara walilalamika, Kampala ililalamika, lakini nchi nzima iliona kwamba mamlaka ya kukagua yapo na yanaweza kutumika.

Kukagua friji ni kazi nyepesi kuliko kupima sumukuvu. Hakuhitajiki maabara. Anahitajika ofisa mwenye tochi, anayeigeuza friji moja kutoka kila shehena na kusoma mistari mitatu: volti, Hz, daraja la hali ya hewa. Mzigo wa Hz 60 urudi. Mzigo wa daraja N upigwe muhuri unaosema wazi kwamba hauhimili joto letu, mnunuzi aamue akijua.

Jirani zetu wamekwisha kuanza. Kenya ina kanuni za mwaka 2016 zinazotaka friji na viyoyozi vibandikwe lebo ya nyota zinazoonyesha ulaji wa umeme. Sisi tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Lebo hizo zingeweza kufika Juba pamoja na mzigo, kama tungezidai.

Shirika la Viwango lianze na friji na friza tu, mwaka huu, pale Nimule. Maduka yaandike dhamana ya angalau miezi mitatu kwenye risiti, na yauze fridge guard pamoja na kila friji. Na kampuni ya umeme iwatangazie wateja kwa redio, kwa Kiarabu cha Juba na kwa Kiswahili, saa ambazo umeme huwa mdogo, ili mtu ajue lini achomoe plagi.

Wewe msomaji unayekwenda sokoni wiki hii, usingoje hayo. Kabla ya kutoa pesa yako, mwombe mwenye duka aigeuze friji, umulike stika kwa simu. Ukikuta Hz 50, volti 220 hadi 240 na herufi T, anza kupatana bei. Ukikuta Hz 60, mshukuru na uende duka la pili.